Kunakili na Kugeuza Nyuga za Katalogi kwa Skripti: Kazi ya Mwanaisimu katika Maktaba za Pwani

Utangulizi

Bofa ni eneo la ufuoni lililo kaskazini mwa mji wa Kilifi, si mbali na Chuo Kikuu cha Pwani, chuo kilichoanza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Katika sehemu hizo mtu husikia Kiswahili, Kigiriama na Kichonyi kwa siku moja, mara nyingine katika mazungumzo yaleyale. Hata hivyo, mwanafunzi akiketi mbele ya kompyuta ya maktaba inayofuata orodha ya misimbo ya lugha ya MARC, kisha aombe maandishi yote ya Kigiriama kwa kutumia msimbo wa lugha, msimbo huo hautamfikisha popote. Kigiriama hakina msimbo wake katika orodha hiyo. Kichonyi hakina. Kidigo na Kiduruma pia hazina. Zote zimetiwa, pamoja na makumi ya lugha nyingine, chini ya herufi tatu tu, bnt, zenye maana ya "lugha nyingine za Kibantu". Kiswahili kimebahatika kupata herufi zake, swa, lakini nacho kimebebeshwa lahaja zake zote: Kiamu, Kimvita na Kiunguja husimama mlango mmoja bila kutofautishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi wakutubi wanavyotumia skripti, yaani orodha fupi za amri zinazotekelezwa na kompyuta, kunakili yaliyomo katika uga mmoja wa rekodi ya kitabu na kuyapeleka katika uga mwingine, au kuyageuza umbo. Kazi hii imezoeleka kuhesabiwa kuwa ya mafundi wa kompyuta. Makala yanashikilia kwamba sehemu yake ngumu ni ya kiisimu, na kwamba pale mwanaisimu anapokosekana, skripti hueneza kosa moja katika maelfu ya vitabu kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa kikombe cha kahawa.

Rekodi na nyuga zake

Kabla ya kompyuta, kila kitabu kilikuwa na kadi zake katika visanduku vya mbao. Kadi ilisomwa na jicho la mtu, na jicho la mtu halihitaji kuambiwa kwamba mstari wa juu ni jina la mwandishi na kwamba "1891" ni mwaka wala si bei. Kompyuta huhitaji kuambiwa. Katika miaka ya 1960, Henriette Avram na wenzake katika Maktaba ya Bunge la Marekani walibuni muundo ulioitwa MARC ili kadi ziweze kusomwa na mashine. Mwaka 1999 muundo uliotumiwa Marekani na ule wa Kanada uliunganishwa na kuitwa MARC 21, na huo ndio unaotumiwa na maktaba nyingi duniani.

Katika muundo huu, kila habari inayohusu kitabu hukaa katika uga wake. Neno uga ni lilelile la kiwanja kilicho mbele ya nyumba, na huenda ufananisho huo ukamsaidia msomaji: kila mgeni ana uga wake wa kupokelewa. Kila uga una namba ya tarakimu tatu. Chukua kitabu cha W. E. Taylor, "Giryama Vocabulary and Collections", kilichochapishwa London mwaka 1891. Jina la Taylor hukaa katika uga 100, anwani ya kitabu katika uga 245, mada zake katika uga 650, na mahali panapozungumziwa katika uga 651. Maelezo huru kuhusu lugha ya kitabu huandikwa katika uga 546, na muhtasari wake katika uga 520. Ndani ya uga mna nyuga ndogo zenye herufi, kama vile a kwa anwani yenyewe na b kwa sehemu yake ya pili. Baadhi ya nyuga huwa pia na viashiria viwili, yaani tarakimu zinazoiambia kompyuta namna ya kuyashughulikia maneno yanayofuata.

Upo uga mmoja unaostahili kutajwa peke yake, nao ni 008. Huo una nafasi 40, zinazohesabiwa kuanzia 00 hadi 39, na kila nafasi ina kazi yake. Mwaka wa kuchapishwa huwekwa kuanzia nafasi ya 07 hadi ya 10, na msimbo wa lugha kuanzia ya 35 hadi ya 37. Hapa hakuna maneno wala vituo. Kuna kuhesabu tu. Skripti iliyoandikwa na mtu aliyeanza kuhesabu kwa 1 badala ya 0 itasoma herufi mbili tu za "swa" pamoja na herufi ya jirani, na haitalalamika.

Namna skripti inavyofanya kazi

Zana za kazi hii ni nyingi. MarcEdit, iliyotungwa na Terry Reese huko Marekani, imetumiwa na wakutubi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Catmandu ilitokana na ushirikiano wa maktaba za vyuo vikuu vya Ghent, Lund na Bielefeld, na ina lugha yake ndogo ya amri. Koha, programu inayoendesha maktaba za vyuo kadhaa nchini Kenya, ilianza kutumiwa New Zealand mwezi wa Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli haina ada ya leseni. Ndani ya Koha mna violezo vya kubadilishia rekodi, ambavyo mkutubi huvijaza bila kulazimika kujua lugha yoyote ya kuandikia programu.

Amri zenyewe ni chache: ongeza uga, futa uga, nakili uga huu uende pale, hamisha, badilisha maneno haya yawe yale. Nguvu yake hutokana na mambo mawili yanayoambatana nazo. La kwanza ni sharti: fanya hivi ikiwa uga fulani una neno fulani, au fanya hivi isipokuwa uga fulani umekwisha jazwa. La pili ni ruwaza, yaani maelezo ya umbo la maneno badala ya neno moja kamili. Kwa ruwaza mtu huweza kusema: "gir" ikifuatwa na "i" au "y", kisha "ama". Kwa amri hiyo moja hupatikana Giriama na Giryama.

Ni muhimu kutenganisha kunakili na kubadilisha, kwani kosa la kuyachanganya ndilo linaloumiza zaidi. Uga 245 ni ushahidi: unaonyesha kitabu kilivyojitambulisha chenyewe katika ukurasa wake wa anwani. Ikiwa Taylor aliandika Giryama kwa "y", basi ndivyo itakavyobaki hata baada ya miaka mia moja na zaidi. Anayetaka tahajia ya sasa aipeleke nakala katika uga 246, uliotengewa anwani nyingine za kitabu hichohicho, na mabadiliko yafanyike huko. Msomaji anayetafuta kwa tahajia yoyote atakipata kitabu, na ushahidi wa mwaka 1891 utakuwa haujaguswa.

Utendi na utenzi

Mfano ulio karibu na wanafunzi wa Kiswahili ni ule wa tungo za kale. Utungo wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858, huitwa "Utendi wa Mwana Kupona" na wenye kufuata Kiamu, na "Utenzi wa Mwana Kupona" na wenye kufuata lahaja za kusini na Kiswahili sanifu. Katika katalogi hizo ni anwani mbili zinazokaa mbalimbali, na msomaji wa moja huenda asijue kuwa nyingine ipo. Dawa yake ni nyepesi: ikiwa uga 245 unaanza kwa neno "Utendi", nakili anwani nzima katika uga 246, kisha katika nakala hiyo ubadilishe "Utendi" iwe "Utenzi". Halafu fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili.

Wepesi huo una mtego. Fundi asiyejua Kiswahili huweza kuona kwamba tofauti iliyopo ni ya "nd" na "nz" tu, akaandika ruwaza ya kubadilisha sauti hizo popote zilipo. Matokeo yake ni kwamba mwandishi atakuwa "mwanzishi", pendo litakuwa "penzo", na ndege watakuwa "nzege". Kompyuta haijui kwamba utendi na utenzi ni nomino zilizotoka katika kitenzi kimoja na kupitia njia mbili za lahaja. Inachojua ni kwamba herufi d imefuata herufi n. Kwa hiyo ruwaza sharti ifungiwe mwanzoni mwa anwani, na itaje neno zima.

Hata ikifungwa vizuri namna gani, skripti haiwezi kunakili kisichokuwepo. Alice Werner na William Hichens walipotoa utungo huo wa Mwana Kupona mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza isiyo na neno utendi wala utenzi. Jan Knappert aliposhughulikia utungo wa Herekali katika tasnifu yake ya mwaka 1958, anwani yake ilikuwa ya Kiholanzi. Utungo huohuo hutajwa na wengine kwa majina ya Chuo cha Herekali, Utendi wa Tambuka au Chuo cha Tambuka. Hapa kinachotakiwa ni jedwali lililoandaliwa na mtu anayezijua tungo: upande mmoja majina yote yanayojulikana pamoja na machapisho yake, na upande wa pili jina moja lililoteuliwa kuwa la kuziunganisha rekodi hizo. Jedwali likiwapo, skripti hulisoma na kujaza uga 240 au 130 kwa dakika chache. Kuliandaa huweza kuchukua muhula mzima, na hakuna njia ya mkato.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni la "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Kiashiria cha pili cha uga 245 huiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga kwa alfabeti. Kwa kawaida anwani ya Kiswahili hupewa 0, kwa kuwa Kiswahili hakina kibainishi cha kurukwa kama "The" ya Kiingereza. "Al-" ni kibainishi cha Kiarabu, hivyo kiashiria hupaswa kuwa 3 na utungo upangwe chini ya Inkishafi. Skripti inayosema "anwani ikianza kwa Al-, weka 3" ni sahihi. Skripti iliyosahau kistari, ikasema "ikianza kwa Al", itaichukua pia "Alfu Lela Ulela", itaruka herufi tatu na kukipanga kitabu hicho chini ya "u Lela Ulela". Kistari kimoja tu, na msomaji hakioni kitabu.

Majina yenye "wa", "bin" na "binti"

Kanuni ya kupanga majina ya Kizungu ni kuanza na jina la ukoo, kuweka mkato, kisha jina la mtu. Wapigaji chapa wengi waliifuata kanuni hiyo kwa majina yote, na skripti za awali za kuhamisha data kutoka mifumo ya zamani ziliiga mtindo huohuo: chukua neno la mwisho, ulitangulize. Kwa njia hiyo Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, hugeuka "Haji, Muyaka bin", na Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914, hugeuka "Menza, Mekatilili wa". Anayemtafuta Mekatilili kwa jina lake hulazimika kwanza kumkumbuka mzazi wake.

Kosa la aina hii hutengenezeka vizuri kwa skripti kwa sababu linaacha alama: baada ya mkato kuna maneno yanayoishia kwa "bin", "binti" au "wa", neno linaloning'inia bila kitu cha kuliunganisha. Hiyo ni ruwaza. Skripti huliondoa neno lililo kabla ya mkato na kulirudisha mwishoni, huufuta mkato, na hugeuza kiashiria cha kwanza cha uga 100 au 600 kutoka 1, kinachoonyesha jina la ukoo, hadi 0, kinachoonyesha kuwa jina la mtu ndilo linalotangulia. Hicho kiashiria husahauliwa mara nyingi. Jina huonekana sawa machoni ilhali kompyuta inaendelea kuamini kuwa linaanza na ukoo.

Kuna majina yasiyoacha alama. Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe na mwandishi wa riwaya za "Ukiwa" (1975), "Mafuta" (1984) na "Walenisi" (1995), alikuwa pia mwanasosholojia, na katika maandishi ya kitaaluma jina lake hutokea likiwa na herufi za mwanzo badala ya Katama. Hakuna ruwaza itakayogundua kuwa watu hao wawili ni mmoja. Mwanafunzi wa fasihi anajua, na akimwambia mkutubi, rekodi zitaunganishwa kwa siku moja.

Alama ya ng' nayo ina shida yake. Katika kompyuta alama hiyo huweza kuwa mojawapo ya vibambo vitatu au zaidi vinavyofanana machoni lakini vyenye namba tofauti, na anayetafuta kwa kimoja huenda asipate kilichoandikwa kwa kingine. Baadhi ya mafundi hutatua kwa kuifuta kabisa. Kwa Mwingereza alama hiyo ni pambo. Kwa Mswahili hutenganisha kung'oa na ngoa, na msomaji wa mashairi ya Mvita na Lamu anajua ngoa ni nini. La busara ni skripti kuvileta vibambo vyote kwenye kimoja kilichoteuliwa, na alama ibaki.

Lugha zilizo ndani ya bnt

Turudi kwenye msimbo wa lugha, kwani hapo ndipo penye hasara kubwa. MARC imeacha mlango wazi. Uga 041, unaotaja lugha za kitabu, huweza kurudiwa, na ukipewa kiashiria cha pili cha 7 huruhusiwa kutumia misimbo ya orodha nyingine, mradi orodha hiyo itajwe katika uga mdogo wa 2. Orodha ya ISO 639-3 ina misimbo ya lugha nyingi ambazo MARC imezikusanya pamoja: nyf kwa Kigiriama, coh kwa Kichonyi, dig kwa Kidigo, dug kwa Kiduruma, pkb kwa Kipokomo. Kwa hiyo inawezekana kuiacha bnt mahali pake katika uga 008, ili rekodi izidi kueleweka kwingine duniani, na papo hapo kuongeza uga wa pili wa 041 wenye nyf. Hakuna kinachofutwa.

Skripti itajuaje ni kitabu kipi kipewe nyf? Mara nyingi jibu limo ndani ya rekodi yenyewe. Mkutubi wa miaka iliyopita, alipokosa msimbo, aliandika maelezo katika uga 546 au 520: "Maandishi kwa Kigiriama", "Text in Giryama", na kadhalika. Kazi ni kuyatoa maelezo hayo mahali yasipoweza kuchujwa na kuyapeleka mahali yanapochujika.

Hapa ngeli za Kiswahili hugeuka chombo cha kazi. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili hutofautisha Kigiriama, ambayo ni lugha, na Wagiriama, ambao ni watu. Ruwaza inayodai kiambishi "ki" mbele ya "giriama" itakiacha kando kitabu cha Kiswahili kinachowahusu Wagiriama. Maelezo ya Kiingereza hayana msaada huo, kwa kuwa "Giriama" peke yake huweza kuwa lugha, watu, au sifa ya ngoma na mazishi. Skripti iliyotafuta "Giriama" tu itavitia msimbo wa nyf vitabu vya historia, ripoti za kilimo na tasnifu za afya ambazo hazina sentensi hata moja ya Kigiriama. Mtafiti atakayehesabu baadaye atadhani kuna hazina kubwa ya maandishi ya lugha hiyo, na hesabu hiyo ya uongo ni mbaya kuliko ukimya wa mwanzo. Kwa rekodi za Kiingereza, basi, skripti inafaa itoe orodha tu ya kukaguliwa na mtu, isiguse kitu.

Lahaja za Kiswahili hazikupata hata mlango huo. ISO 639-3 hutenga swh kwa Kiswahili na swc kwa Kiswahili cha Kongo, wala haina msimbo wa Kiamu, Kimvita au Kitikuu. Kwa lahaja, uga 546 unabaki kuwa makao pekee ya kutegemewa, na linaloweza kufanywa ni kusawazisha maneno: pale ambapo rekodi moja imeandika "lahaja ya Lamu", nyingine "Kiamu", nyingine "Ki-Amu" chenye kistari, skripti iongeze namna moja iliyokubaliwa.

Kilifi ipi?

Majina ya mahali yana historia, na skripti haina kumbukumbu. Hadi miaka ya 1990, Malindi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilifi. Kisha ikafanywa wilaya yake. Katiba ya mwaka 2010 ilipoanza kutekelezwa upande wa ugatuzi mwaka 2013, Kilifi na Malindi zilirudi kuwa pamoja chini ya Kaunti ya Kilifi. Kwa hiyo maneno "Wilaya ya Kilifi" katika uga 651 wa ripoti ya mwaka 1985 hayataji ardhi ileile inayotajwa na maneno hayohayo katika ripoti ya mwaka 2005. Mtu akitoa amri ya kubadilisha "Wilaya" iwe "Kaunti" katika rekodi zote, tofauti hiyo hupotea milele, kwani baada ya hapo hakuna wa kujua rekodi ipi ilisema nini. Amri iliyo salama ni ya kuongeza uga wa pili wa 651 wenye Kaunti ya Kilifi, na kuiacha wilaya ilivyokuwa. Na ikiwa maktaba inataka kuziunganisha ripoti za zamani na Malindi, sharti la mwaka huchukuliwa kutoka uga 008, ila kusoma ripoti ili kujua kama mwandishi alifika Malindi ni jambo la mtu na macho yake.

Vijiji huumia zaidi. Bofa hutajwa katika muhtasari wa tasnifu, uga 520, pale mwanafunzi aliposema alikusanya data wapi. Ni nadra kupandishwa kuwa mada. Skripti huweza kulitafuta neno hilo katika 520 na kulinakili katika uga 653, uliotengewa maneno huru ya kutafutia. Ruwaza idai neno zima lenye f moja, kwani iko pia Boffa ya Guinea, na wapo wataalamu wa kilimo na uvuvi waliokwisha kuandika kuihusu.

Kabla ya kubonyeza

Wakutubi wenye uzoefu huanza kwa kutoa nakala ya rekodi zote na kuiweka mbali na seva. Kisha huchagua rekodi chache, si zile nyepesi bali zilizo ngumu: yenye lugha mbili, yenye maandishi ya Kiarabu katika uga 880, isiyo na mwaka, yenye mwandishi asiyejulikana. Skripti ikivuka hizo, huendeshwa kwa kundi dogo, na matokeo hulinganishwa mstari kwa mstari na ya awali. Kila skripti huwekewa sharti la "isipokuwa", ili ikiendeshwa mara ya pili kwa bahati mbaya isiongeze nyuga za 246 zinazofanana kama vifaranga wa kuku mmoja. Mwisho huachwa kumbukumbu ya maandishi: ni skripti gani, tarehe gani, kwa nini. Kumbukumbu hii ndiyo hupuuzwa kuliko yote, na ndiyo itakayotakiwa siku mtu atakapouliza kwa nini vitabu fulani vina nyf.

Katika mpango kama huu chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina kazi ya wazi. Mkutubi hutoa orodha ya rekodi zenye bnt zinazoitaja Pwani katika uga wowote. Wanafunzi huvitoa vitabu rafuni, huvifungua, husoma kurasa mbili tatu, na huandika kando ya kila namba: Kigiriama, Kichonyi, Kidigo, mchanganyiko, au Kiingereza kitupu. Orodha iliyojazwa hurudi kwa mkutubi na kugeuzwa jedwali ambalo skripti italisoma.

Baadhi ya vitabu vitawagawanya. Kamusi ya Krapf na Rebmann iliyochapishwa mwaka 1887 baada ya vifo vyao huitaja lugha yake "Nika", jina ambalo wageni walilitumia kwa watu wote wa nyika ya nyuma ya Mombasa na ambalo wenyewe hawakulipenda. Leo jina linalokubalika ni Wamijikenda. Anayeona Nika huvutwa kuandika nyf, kwa kuwa Kigiriama kina wasemaji wengi zaidi. Lakini wamisionari hao walikusanya maneno yao wakiwa Rabai. Kamusi ya Taylor ya mwaka 1891 na ile ya Florence Deed ya mwaka 1964 hutaja Kigiriama waziwazi katika anwani zake, na hizo hazina tatizo. Ile ya mwaka 1887 itawalazimu wanafunzi kukaa na wazee wa Rabai na wa Kigiriama, kuyasoma maneno yake kwa sauti moja baada ya jingine, na kuuliza kila mara: hili ni lenu au ni la jirani? Mpaka hapo uga wake wa 041 ubaki na bnt, na katika uga 546 paandikwe sababu.